Ufunguo wa Pili wa Mlango wa Kijani

Mpendwa yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Usilifurahie haraka.

Barua hii sikuifunga. Bahasha ninayo, na gamu ninayo, lakini kutoka Butembo mpaka Beni bariere ni nyingi, na kila bariere ina askari mmoja anayetaka kuwaonyesha wenzake kwamba anajua kusoma. Basi asome. Dereva naye asome, na wale mama wanaouza ndizi kandokando ya barabara wasomewe. Mambo yako na yangu yamekwisha kuwa ya barabara nzima, sina tena cha kufichia ndani ya bahasha. Watashangaa tu mwandiko ulivyonyooka. Masomo niliyaacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini mwandiko sikuuacha kule, nilitoka nao.

Yaya, unakumbuka siku baba wadogo walipokuja kupima kiwanja kwa hatua? Udongo wa kaburi la baba ulikuwa haujakauka. Walikuja wawili, wamevaa makoti, mmoja anahesabu hatua kutoka kwenye choo, mwingine kutoka kwenye mparachichi, na walipokutana katikati hesabu zao zilikataa kupatana. Wewe ulikuwa umeketi kwenye kibao unamenya viazi. Baba mdogo yule mkubwa akakuambia, "Mutoto mwanamuke hapana kurisi parcelle, Masika. Utaolewa, utaipelekea batu bengine."

Hukuinua macho. Kisu chako kiliendelea kuzunguka kiazi, na ganda lilining'inia refu bila kukatika.

"Kweli, baba," ulisema. "Parcelle ni ya Paluku. Miye namulindia tu."

Wakanitazama. Nilikuwa na makamasi mawili, na suruali ya marehemu iliyokunjwa mara nyingi kiunoni. Hesabu ya hatua ikaishia hapo, maana mtoto wa kiume alikuwa pale, amesimama kwa miguu yake. Ukawaita majirani wa pande zote nne na shefu wa avenue, wa mtaa wetu, ukaleta kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kibuyu cha kwanza wakanipa mimi, kama desturi inavyotaka: anayeanza kunywa mbele ya majirani, udongo ni wake. Nilipaliwa. Kasiksi ikatoka kwa pua. Wazee walicheka, lakini waliona, na walioona wangali hai. Kesho yake nilifika masomoni nikawaambia wenzangu wote kwamba mimi ni mwenye kiwanja, wasinipokonye tena mpira. Walinipiga hata hivyo.

Ulinifundisha kazi. Hilo silikatai, hata kwa hasira niliyonayo. Ulikuwa unapanda Masereka kununua kabichi na viazi kwa mama, aliyerudi kwao kule baada ya msiba, na kwa dada zake, unashuka juu ya magunia, unauza Butembo, na faida yote unaigeuza matofali. Mlango wa kwanza, chumba chetu cha kwanza cha kupangisha, ulipoisha, alikuja yule fundi wa kushona, Papa Muhindo, na cherehani yake kichwani. Akaleta garanti ya miezi sita, ile amana ya mpangaji. Mimi nilitaka tununue nyama. Ulinipiga kofi dogo la mkononi.

"Hii makuta hapana yetu," ulisema. "Garanti ni mutoto ya mutu amelala kwako. Utamulisha, utamufunika, siku mwenyewe anamuhitaji, unamurudisha muzima."

"Sasa tutamufanya nini wakati anasinzia?"

"Tutamutuma kazi kidogo."

Kazi yenyewe ilikuwa matofali ya mlango wa pili. Na garanti ya mlango wa pili ikawa manjanja, mabati ya kuezekea mlango wa tatu. Mlango unazaa mlango, ndivyo ulivyosema. Lakini uliweka sheria moja, na uliirudia mpaka nikaiota: garanti ya kiwanja hiki inalala katika kiwanja hiki. Siku mpangaji akitaka kuondoka, aione. Kama haiko mkononi mwako, iwe ukutani, aigonge kwa ngumi, asikie kwamba iko.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri, usiniambie sikuwa. Avenue nzima hakuna anayeweza kuitazama mvua inaponyesha na kukuambia nyumba ipi itavuja kwanza. Mimi naweza. Ulinifundisha kumwuliza mpangaji idadi ya watoto kabla ya kumwuliza pesa, maana mtoto mmoja anakula sakafu kuliko watu wazima watatu. Ulinifundisha kwamba mtu anayeshusha bei kwa nguvu sana anakusudia kulipa, na yule anayekubali bei yote bila neno hana hata senti. Ulinifundisha kupokea dola zenye kichwa kikubwa tu, zisizo na tundu wala chozi la wino, na kuzikataa franga zilizochoka, kwa sababu kila mouvement ya waasi iliyoingia mjini ilikuja na mawazo yake juu ya noti. Na choo kichimbwe kiangazi. Anayechimba choo wakati wa mvua anamchimbia jirani.

Vita ilikuwa komisioneri wetu, dalali wa kutuletea wapangaji, tuseme ukweli. Bunduki ikilia upande wa Mambasa, kesho yake mtu anabisha hapa anaulizia chumba. Kukitulia, wanarudi mashambani kwao na vyumba vinabaki vinatukodolea macho. Ulikuwa huipendi hiyo. Ulisema, "Mulango tupu wakati ya vita ni kuita askari chakula." Na walikuja. Unamkumbuka yule komanda mwenye fimbo na miwani, aliyeona mlango wa pili hauna mtu? Akasema vijana wake watalala humo, na atakayelipa ni taifa.

Ukamjibu kwa sauti ya asali, "Karibu, afande. Ngoja nifungue."

Ukafungua. Wewe mwenyewe ulikuwa umevijaza humo vichwa vya kabichi vilivyooza, magunia na magunia, tangu siku mpangaji alipotoka. Harufu ilitoka kabla ya mlango kufunguka sawasawa. Komanda alirudi nyuma, fimbo ikamwanguka.

"Mama, humu kulikufa nani?"

"Hapana mutu, afande. Ni bya kuuza. Batu ba Beni banabipendaka hivi."

Walikwenda zao. Tulikaa chini ya ukuta tukacheka mpaka ukaanza kukohoa, kile kikohozi chako cha moshi wa makaa, kinachoanza chini na kupanda kama mtu anayepanda ngazi. Kuanzia siku hiyo mlango ukibaki tupu, nilikuwa mimi wa kubeba kabichi mbovu kutoka sokoni. Watu waliniita Papa Kuoza. Sikujali. Hata komanda hakukaa kwetu bure.

Halafu mlango wa kijani. Ulikuwa wa tatu, na mzuri kuliko yote, wenye dirisha la kioo na sakafu ya saruji. Nilifikiri utatafutiwa mpangaji mwenye kazi ya ofisi. Ukanipa brashi na ndoo ya rangi iliyobaki kwa mfanyabiashara mmoja, ukaniambia nipake. Nilipomaliza, mikono yote ya kijani, ukasema, "Hii yako, Palu. Mwanaume hapana kulala jikoni mupaka ndevu."

Kufuli lake lilikuwa na funguo mbili. Ulipohamia Beni, kwa sababu biashara ya mpakani ilikuwa inachangamka kule na wewe ulikuwa umechoka kulala juu ya magunia, ulichukua mmoja. Nilikuuliza wa nini. Ulisema, "Siku moja nitafika, sitakukuta. Nitaingia nilalishe miguu yangu."

Ilinipendeza, yaya. Kila nilipotoka nilikuwa natandika kitanda vizuri. Kijana mzima natandika kitanda kila asubuhi kwa ajili ya miguu ya mtu ambaye yuko Beni.

Kwanza ulikuwa unakuja mwisho wa mwezi. Baadaye ulikuwa unatuma salamu. Baadaye ulikuwa unatuma dereva. Na mimi nakusanya kodi ya Papa Muhindo, nakusanya ya mlango wa pili, natoa ya sabuni na unga, nyingine yote nakutumia. Watu wa mouvement wakaleta kodi ya nyumba za kupangisha, nikagombana nao, nikawabembeleza, nikawalipa nusu, sikukusumbua. Manjanja ya Papa Muhindo yakaoza kwa kutu, akaanza kushona huku amefungua mwavuli juu ya cherehani. Kila mara alinikumbusha. "Paluku, mimi nashona nguo za wateja ao nazifua?" Nami namjibu, kifua mbele, "Subiri, papa. Yaya anakusanya. Akishuka, utafunikwa manjanja mapya mpaka uone giza."

Nilijisifu kwa ajili yako. Hilo ndilo linaniuma nikikaa peke yangu.

Sasa nikuelezee Jumapili ile, maana hukuwako, ingawa ulikuwa umeipanga.

Tulikuwa tumetoka misa. Nilikuwa nimekaa mbele ya mlango wangu, shati jeupe, nampa Papa Muhindo mafundisho juu ya timu ya mpira asiyoijua. Fuso ikasimama barabarani. Akashuka mwanaume mrefu, kavu, na mkewe, na watoto ambao sikuwahi kuwahesabu kwa sababu hawakutulia. Wakashusha godoro, masufuria, jembe, na kuku mmoja. Wakaingia kiwanjani moja kwa moja kama watu waliochorewa njia.

"Karibu, papa," nikasema. "Munatafuta nani?"

"Hatutafute mutu. Tunatafuta mulango."

"Mulango gani?"

"Ya rangi ya majani." Akanitazama kuanzia shati mpaka ndala. "Weye njo sentinele?"

Nikacheka. Mimi, mlinzi! Nilidhani ni utani wa watu wa Oicha, na mimi utani naupenda. "Sentinele ya nani?"

"Ya Mama Masika. Alitwambia kuko sentinele analalaka mu ile mulango, tukifika atatoka. Alisema ni kijana ya heshima, hatatusumbua."

Asante kwa hiyo heshima, yaya. Imefika.

Mkewe akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa ufunguo. Nikaujua kabla haujafika mwangani, maana una alama pale tulipouponda kwa nyundo siku ya kwanza. Mwanaume akaupokea, akanipita kwa adabu, akautia katika kufuli. Kufuli lile linakwama, wewe unajua. Mimi mwenyewe kila asubuhi nalibembeleza kama ng'ombe. Kwake lilifunguka mara moja.

Wakaona kitanda kimetandikwa. Mke akasema pole pole, "Papa, humu mutu analala."

"Ni kitanda ya sentinele," akasema mume.

"Ni kitanda ya mwenye parcelle," nikasema mimi.

Hapo ndipo yule bwana, anaitwa Papa Kasereka, alipokaa chini juu ya godoro lao, katikati ya kiwanja, kwenye jua. Hakupandisha sauti. Alisema walikuwa na kakao nyuma ya Oicha, wakakimbia, wakakaa Beni kwa jamaa mpaka jamaa wakaanza kuhesabu maharage sahanini. Wewe ukamkuta mkewe sokoni Beu, mtaa wako wa Beni. Ukamwambia kwamba Butembo ni salama zaidi na kwamba una mlango mzuri kule, wenye dirisha la kioo. Wakauza kakao yote iliyobaki. Wakakupa garanti ya miezi sita mkononi, ukawapa ufunguo.

"Sasa, petit," akaniuliza, "mwenye parcelle ni weye ao ni mama?"

Watoto wake walikuwa wamekwisha kumfunga kuku kwenye mguu wa kiti changu. Papa Muhindo akasimama mlangoni kwake na kipimo shingoni, akanitupia neno, "Paluku, tuelewe vizuri. Weye njo unafukuza, ao weye njo unafukuzwa?"

Nikainama kumfungua kuku kwenye kiti changu. Mimi, yaya. Mwenye kiwanja.

Niliwaambia waingie wapumzike kwanza, nikalala jikoni, na Jumanne nikapanda fuso kuja Beni. Njiani nilikutetea. Nilisema pengine kuna askari waliokulazimisha. Nilisema pengine unaumwa na ulihitaji dawa, na "sentinele" ni neno ulilolitupa tu ili wasiogope kijana ndani ya nyumba. Nilikuwa wakili mzuri sana, mpaka nilipofika Beu nikauliza nyumba ya Mama Masika wa kabichi, na watu wakanionyesha bila kufikiri.

Ni nyumba nzuri. Milango mitatu. Manjanja mapya, yanaumiza macho. Yale niliyomwahidi Papa Muhindo, nikayatambua yote, ingawa hajawahi kuyaona. Na milango umeipaka kijani.

Mama mmoja alikuwa anapepeta mchele mbele ya mlango wa kwanza, mpangaji wako. Nikamsalimia, nikakuulizia.

"Hayuko. Alienda Kasindi."

"Tangu lini?"

Akatazama mlango wa katikati, kisha mchele. "Tangu asubuhi."

Viatu vyako vilikuwa mlangoni. Vile vya plastiki, ambavyo kisigino Papa Muhindo alikushonea kwa uzi wa suruali.

"Miye ni mudogo yake," nikasema. "Tumbo moja."

Mama yule akaacha kupepeta. "Mama Masika ana mudogo? Alitweleza kwao balikwisha bote. Alisema Butembo kulibakia tu parcelle na sentinele."

Nikapandisha sauti ili isikike vizuri kwa mtu aliyeko Kasindi. Nikaizunguka nyumba yako, nikagonga kuta. Nikasema ukuta wa nyuma umepinda, fundi aliujenga huku anatazama wasichana. Nikasema mfereji wa maji ya mvua umeelekezwa kwenye msingi, na mwenye nyumba akitaka kulala vizuri msimu ujao, auchimbe upya upande wa chini. Nikasema mengine, ya kuchekesha, na yule mama alicheka. Ndipo ndani, mlango wa katikati, kikohozi kikaanza. Kilianza chini, kikapanda.

Ulikizuia kwa mto au kwa kitenge, sijui. Kilikatika katikati.

Nilisubiri. Nilimsaidia yule mama kutoa mawe katika mchele, na mwisho aliona haya akaniletea maji. Hukutoka. Nikaondoka na fuso iliyokuwa inarudi.

Yaya, nimefikiri sana, na mimi kufikiri si kazi yangu ya kwanza. Nimefikiri juu ya ile siku ya viazi na kisu. Uliwaambia baba wadogo kwamba unanilindia. Walikwenda zao, lakini neno lile halikwenda, lilibaki hapa likakaa nasi. Kila tofali ulilolinunua kwa mgongo wako uliliweka juu ya udongo ambao kibuyu chake nilikinywea mimi, mtoto wa makamasi. Milango mitatu, na siku ningeoa mke mbaya angeweza kukuonyesha njia. Hakuna mtu aliyekuuliza kama hiyo inakupa usingizi. Mimi sikukuuliza. Nilikuwa nimekaa mbele ya mlango wangu, nimevaa shati jeupe.

Kwa hiyo nyumba ya Beu naielewa. Mtu anayejenga anataka ajenge mahali ambapo akikohoa anakohoa kwake. Ungeniambia tu, "Palu, nimechoka kutia jasho juu ya udongo wako." Ningekujibu vibaya, nakujua na najijua. Ningesusa chakula. Kesho yake ningewaita wale wazee wa kibuyu, nikawaambia wakunyweshe wewe, na mlango wa kwanza na wa pili ningeihamishia mkononi mwako mbele yao. Ningekupa hata wa kijani, nikarudi jikoni kwa hiari yangu mwenyewe. Hukunipa nafasi ya kuwa mtu mwema. Umenifanya sentinele, ukamweka mtu mwingine kitandani mwangu, na kodi niliyokutumia kwa uaminifu wote umeitumia kununulia manjanja ya kunifungia nje.

Sasa nikueleze ninavyofanya, kwa sababu wapangaji wako wa huku wanataka kujua, na wewe pia, kama umeamka.

Papa Muhindo alinishauri niwafukuze watu wa Oicha, warudi Beni wakulilie wewe mlangoni mpaka utoke. Haki ilikuwa yangu. Majirani wangenishuhudia. Niliwaza jinsi ungetoka na viatu vyako, mbele ya watoto wale wasiohesabika, na niliifurahia picha hiyo kwa muda mrefu kidogo. Lakini Papa Kasereka alikuwa amekwisha kupalilia nyuma ya choo akapanda mboga za lengalenga, bila kumwuliza mtu. Na nikijaribu kumtoa, avenue nzima watasema garanti ikiingia kiwanja hiki haitoki. Nani atanipa nyingine? Usifikiri ni huruma. Ni hesabu, ulinifundisha mwenyewe.

Donc, basi, watakaa. Miezi sita hawatalipa, kwa sababu wamekwisha kulipa, na mtu halipi mlango mmoja mara mbili eti kwa kuwa ndugu wamekosana. Ikiisha, kama watataka kurudi Oicha, watadai garanti yao, na nitawarudishia mimi. Nimewaambia kwamba niliipokea mimi. Papa Kasereka aliweka jembe chini, akasema, "Basi, patron." Ni mara ya kwanza mtu kuniita bosi bila kunicheka, na nilitaka wewe uwepo uisikie, halafu nikakumbuka kwamba nimekukasirikia.

Mimi nalala jikoni. Ndevu zimekwisha kuota, kwa hiyo hapo pia ulikosea. Kodi ya milango miwili haitakuja Beni tena, itapanda juu ya Papa Muhindo, bati moja baada ya lingine, kuanzia lile la juu ya cherehani. Kufuli la kijani nimelitoa, nikaweka jipya. Funguo zake mbili, mmoja ni wa Papa Kasereka, mwingine ni wa mkewe.

Mama alituma viazi kutoka Masereka, na akauliza kwa nini hajakuona tangu mavuno. Nilimjibu kwamba uko salama na biashara inakutesa. Aliniambia nikupelekee salamu, na kitunguu cha majani, kile cha kule kinachokutoa machozi. Dereva anacho, ndani ya gazeti. Kipokee kabla hakijanyauka.

Kuja kwako sikukatazi. Manyumba haya yana mikono yako, hata nikipiga chokaa upya nitaiona. Lakini usinitumie mtu mwingine mwenye ufunguo, wala mwenye maneno yako mdomoni. Sitaki pesa yako ya Beu, wala sitaki mlango wako hata mmoja. Nataka jambo dogo. Siku utakayokuwa umekaa nje na yule mama wa mchele, na wengine wakisikia, useme kwamba kwenu hawakuisha, kwamba Butembo una mdogo wako anaitwa Paluku, anayejua mvua itavujia wapi. Dereva huyu anapita Beu kila wiki, na anapenda habari kuliko petroli. Ukisema, nitajua.

Na kama hilo linakushinda, basi tubaki kwa neno lako. Sentinele ana mshahara, yaya, na wangu hujanilipa tangu ulipohama.

Kaa na Mungu. Chimba ule mfereji upande wa chini kabla ya mvua.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Paluku